Kusoma mwamba: jinsi ya kutafuta visukuku na meno ya papa katika fukwe za Mombasa

Ukitaka kuona kisukuku Mombasa, yaani mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ndani ya jiwe, acha kwanza kupekua mchanga. Anza na jiwe. Kila likizo ya shule naona watoto pale ufuo wa Pirates, na wazazi wao pia, wameinama wakichambua mchanga kwa vidole, wakitafuta yale meno meusi ya papa waliyoyaona kwenye video. Jua likipanda wanarudi nyumbani na mifuko ya makombe ambayo hawakupaswa kuyachukua. Hakuna aliyewaambia kwamba ukuta wa ua waliouegemea wakati wakila mihogo ya kukaanga umejengwa kwa visukuku kuanzia msingi hadi juu.

Video hizo nyingi ni za Florida, Marekani, hasa mji wa Venice. Kule tabaka za kale zilizojaa meno ya papa ziko chini ya bahari, karibu na ufuo. Mawimbi huzikwangua na kuyatupa meno mchangani, na watu huyachekecha kama unga. Khouribga, Moroko, meno hutoka kwa wingi kwenye machimbo ya fosfati. Pwani yetu ilijengwa kwa njia nyingine, na ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa namna nyingine. Mombasa jino la papa la kale ni bahati. Tumbawe la kale ni hakika: ukienda na macho yako, siku hiyo hiyo utaliona.

Jua unakanyaga nini

Takriban miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto la kutosha kuyeyusha barafu nyingi za ncha zake, na bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya kimo cha leo. Mahali panapopita matatu na tuktuk siku hizi palikuwa na maji ya kina kifupi, yenye mwanga na vuguvugu, na matumbawe yakajenga humo. Makombe yakakaa kwenye mianya yake, konokono wa baharini wakatambaa juu yake, mchanga ukajaza nafasi zilizobaki. Baadaye barafu ikarudi na bahari ikashuka, ikafika wakati ikawa zaidi ya mita 100 chini ya ilipo leo. Mwamba ule ukabaki nchi kavu. Mvua ikaunyeshea maelfu ya miaka, ikayeyusha chokaa hapa na kuigandisha pale, mpaka ukawa jiwe gumu.

Jiwe hilo ndilo linalobeba kisiwa cha Mombasa. Ndilo linaloonekana kwenye majabali ya Mama Ngina, kwenye miamba ya Nyali na Shanzu, na ng'ambo ya feri huko Likoni. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 waliisimamisha juu ya jiwe hilo na kuijenga kwa jiwe hilo. Machimbo ya saruji ya Bamburi yamekuwa yakilichimba tangu miaka ya 1950, na shimo moja lililobaki ndilo lililopandwa mivinje kuanzia 1971 mpaka likawa bustani ya Haller Park.

Upande wa bara hali hubadilika. Ukivuka Makupa kuelekea Changamwe, Miritini na Rabai, unaingia kwenye miamba ya matope yaliyogandamana, ya kijivu, inayomeguka tabaka kwa tabaka. Hiyo ni ya enzi ya Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145 nyuma, na ndani yake wanajiolojia wamepata amonaiti, viumbe wa ukoo wa pweza na ngisi waliokaa ndani ya gamba lililojiviringisha kama pembe ya kondoo dume. Sitakupeleka huko leo, maana mwongozo huu ni wa pwani. Ila ukiona barabara inakatwa kilimani upande huo na matabaka ya kijivu yako wazi, ujue unatazama sakafu ya bahari iliyokuwako wakati wa dinosaria.

Hatua ya kwanza: chagua siku kwa mwezi

Mwamba mzuri zaidi uko kwenye ukingo ambao maji huufunika nusu ya siku. Kwa hiyo siku yako inaamuliwa na bahari. Maji ya Mombasa hujaa na kupwa mara 2 kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na utaona kipande kidogo tu cha mwamba.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana hesabu tayari: siku ya kwanza hadi ya tatu, na ya kumi na tano hadi ya kumi na saba au hapo karibu. Kuna jambo moja ambalo wavuvi wanalijua na wageni hawalijui. Siku za bamvua, maji ya Mombasa huwa yamejaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Mwenyezi Mungu ametupangia vizuri, kwa sababu saa nne asubuhi mwanga upo wa kutosha na jua bado halijawa kali kupita kiasi. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 40 hadi 50. Hakikisha kwenye jedwali la maji la mwaka huo, au muulize mtu anayetia chombo baharini kila siku.

Fika saa mbili asubuhi, wakati maji yanaendelea kutoka. Fuata maji yanaposhuka. Yakishasimama na kuanza kurudi, nawe geuka, hata kama umeona kitu kizuri mbele. Mwaka mmoja mimi na mpwa wangu tulichelewa kwa nusu saa tu kwenye miamba ya Likoni, na kijia cha mchanga tulichopitia kilikuwa tayari kimekuwa mkondo wa maji ya magoti. Tulivuka, lakini tulivuka tumeshikana mikono na moyo ukidunda. Tangu siku hiyo naweka kengele ya simu.

Majira nayo yana neno. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu na maji maangavu. Wakati wa kusi mawimbi ni mazito na mwamba wa ukingoni haukaribiki kirahisi. Lakini siku chache baada ya kusi kali, mchanga huwa umehama, na jiwe lililokuwa limefunikwa miezi mingi hujitokeza likiwa safi. Kama una nafasi ya kwenda mara moja tu, nenda kaskazi. Kama unaishi hapa, nenda pia baada ya kusi.

Hatua ya pili: vitu vya kubeba

Viatu kwanza. Jiwe la matumbawe likinyeshewa miaka mingi hutokeza ncha kali kama wembe, na ndala hukatika juu yake. Vaa raba kuukuu zenye soli nene, ambazo huna uchungu nazo zikilowa. Beba kofia, maji ya kunywa, na mfuko wa plastiki wa kufungia simu.

Kisha beba chupa ndogo ya maji na mswaki mzee wa nyuzi laini. Hivi ndivyo vifaa vyangu vikubwa. Jiwe kavu lina rangi moja ya kijivu, lakini ukilimwagia maji kidogo nakshi zote hutoka: chumba kwa chumba, ukuta kwa ukuta, kama vile picha imewekewa mwanga. Mswaki ni wa kufagia mchanga juu ya jiwe, kwa mkono mwepesi. Usiutumie kwenye chochote kilicho hai.

Kioo cha kukuza, cha bei ndogo kama wanachotumia mafundi wa saa, kinatosha. Daftari, kalamu ya risasi kwa sababu wino hutoka ukilowa, na sarafu ya shilingi 20 ya kuweka kando ya kitu unapokipiga picha ili ukubwa ujulikane.

Nyundo na patasi ziache nyumbani. Nitaeleza sababu ya kisheria baadaye, lakini iko na sababu nyingine: ukipiga jiwe hili halipasuki pale unapotaka. Linasagika. Nimeona mahali mtu aliyetaka kombe zima ameacha shimo jeupe la unga, na kombe vipande vipande chini yake. Lilikuwa limekaa pale tangu kabla ya binadamu yeyote kujenga nyumba ya mawe.

Hatua ya tatu: jizoeze mjini kabla ya kushuka pwani

Hatua hii wengi wataiona haina maana, na mimi naipenda kuliko zote. Macho hayajui kutafuta kitu ambacho hayajawahi kukiona. Kwa hiyo kabla ya kwenda baharini, nenda kwenye jengo lolote linalojengwa Kisauni, Bamburi au Mtwapa, mahali palipomwagwa lori la mawe ya kukata. Mwamkie fundi, mwombe ruhusa utazame. Yale mawe yametoka machimboni na yamekatwa kwa msumeno, kwa hiyo kila ubavu ni dirisha lililo wazi.

Chukua jiwe moja na ulitazame kwa utulivu. Kwenye jiwe nililolitazama juzi kulikuwa na duara la ukubwa wa sahani, lenye mistari iliyopindapinda kama njia za mchwa chini ya gome. Hilo ni tumbawe la aina ya ubongo, limekatwa katikati. Mistari ile ni kuta za chokaa walizojenga wadudu wa tumbawe, kizazi juu ya kizazi. Pembeni yake palikuwa na vitundu vidogo vidogo kama vya sega la nyuki, kila kimoja kina nyota ndani: tumbawe la aina nyingine. Chini, mstari mweupe mnene uliopinda kama wimbi, unene wa kidole: kombe kubwa la jamii ya Tridacna, limekatwa ubavuni. Na kati yao vipande vya vijiti, matawi ya tumbawe yaliyovunjwa na dhoruba fulani na kusombwa pamoja. Yote hayo kwenye jiwe moja, lililokuwa linasubiri kupakwa saruji kuwa ukuta wa choo.

Ukitoka hapo tembea Mji wa Kale. Pale ambapo plasta imebanduka utaona mawe yale yale. Lakini angalia tofauti moja: kwenye mihrabu na nakshi za milango ya mawe ya kale ya Waswahili, mafundi walitumia tumbawe la Porites lililokatwa baharini likiwa bichi, kwa sababu bichi ni laini na huchongeka vizuri, kisha hukauka na kuwa gumu. Hilo si kisukuku. Mawe ya kuta ndiyo visukuku. Ukiweza kuvitofautisha viwili hivyo kwa jicho, umefuzu nusu ya somo.

Hatua ya nne: ukiwa mwambani

Wakenya tuna mwalimu wa kazi hii. Kamoya Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, ndiye aliyekiona mwaka 1984 kipande kidogo cha mfupa wa kichwa kati ya vijiwe huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kipande hicho ndicho kilichofikisha watafiti kwenye mifupa ya yule kijana wa binadamu wa kale anayejulikana dunia nzima kama Turkana Boy. Kamoya hakuwa na mashine ya kutambua mifupa. Alitembea polepole, akitazama chini, siku nyingi, miaka mingi.

Nawe tembea polepole. Jua la asubuhi likiwa bado limeinama, lipe mgongo au ubavu, ili vivuli vionyeshe mabonde madogo kwenye jiwe. Chagua eneo la ukubwa wa mkeka, chuchumaa, ulimalize lote kabla ya kusogea. Mtu anayetembea mita 50 amechuchumaa ataona zaidi ya anayetembea kilomita 3 amesimama.

Tafuta mpangilio. Mawimbi na mvua hulichimba jiwe ovyo ovyo, lakini kiumbe hai hujenga kwa utaratibu: miale inayotoka katikati, vyumba vya ukubwa mmoja, mbavu zilizofuatana, mzunguko unaopungua kuelekea kileleni. Ukiona utaratibu, mwagia maji, weka kioo.

Mara nyingine utakuta kisukuku ambacho chenyewe hakipo. Gamba limeyeyuka na kuacha tundu lenye umbo lake, hata mistari ya nje imechapwa kwenye kuta za tundu. Weka kidole ndani na utaihisi. Hilo nalo ni kisukuku halali kabisa, na kwa maoni yangu lina uzuri wake: jiwe limeshika alama ya kitu kilichokwisha kuondoka.

Jihadhari na vitu vinavyofanana. Tumbawe jeupe, jepesi, lililolala mchangani peke yake, mara nyingi ni la juzi, limevunjwa na mawimbi. La kale limeshikamana na mwamba, ni zito, na vitundu vyake vingi vimezibwa na fuwele za chokaa zinazometameta ukiligeuza juani. Pia kuna mchanga wa pwani uliogandana kuwa jiwe katika miaka ya karibuni. Huwa umelala kwa mabamba yanayoinamia baharini, na ukikuta humo kizibo cha soda au kipande cha chupa, basi umejua umri wake. Zege lililobomoka nalo huwadanganya wengi, kwa kuwa lilichanganywa na mchanga wenye makombe.

Kuna wanaopenda kujaribu kwa siki au ndimu. Tone la siki kwenye jiwe la chokaa hutoa povu. Jaribio ni zuri kwa mtoto, na lifanyie kwenye kipande cha machimboni. Lakini linakuambia kwamba hii ni chokaa tu; kombe la jana nalo litatoa povu vile vile.

Meno ya papa

Sasa jino. Mwili wa papa umeshikiliwa na gegedu, ile nyama ngumu ya puani na masikioni kwetu, na gegedu huoza. Meno yake yana ganda gumu sana, na yamepangwa safu nyuma ya safu. La mbele likidondoka, la nyuma husogea. Papa mmoja hudondosha maelfu ya meno maishani. Kwa hiyo katika miamba mingi ya dunia, habari za papa wa kale tunazijua kwa meno. Yule mkubwa kuliko wote, Megalodon, aliyetoweka takriban miaka milioni 3.6 iliyopita, ana meno yanayofikia sentimita 18. Miamba ya matumbawe ya Mombasa iliyo juu ya maji ni michanga mno kwa Megalodon, basi ukiuziwa jino lake ufuoni na kuambiwa limeokotwa hapa, usitoe pesa.

Hapa kwetu jino likipatikana, mara nyingi ni la papa wa leo. Mpwa wangu, ana miaka tisa, aliokota moja karibu na mahali wavuvi wanapopandisha madau. Pembetatu, upana wa ukucha wangu wa kidole gumba, jeupe kama maziwa, na kwenye mzizi palikuwa bado na utando wa manjano. Alilipitisha ukingo wake kwenye ukucha, likakwaruza: meno madogo madogo kama ya msumeno. Akakimbia nalo kwa mzee aliyekuwa anashona nyavu.

"Shikamoo, babu. Hili ni la zamani?"

"Marahaba, mwanangu. Hilo la papa wa juzi. Tulimkata papo hapo ulipolitoa."

Alisikitika, na mimi nilimwambia asisikitike, kwa sababu sasa alikuwa amelishika jino analotakiwa kulijua kabla ya kuitafuta nakala yake ya kale. Umbo ni lile lile. Taji linang'aa, mzizi hauna mng'ao na una vitundu, na mzizi wenyewe umegawanyika miguu miwili. Jino la kale huwa limepoteza weupe: kijivu, kahawia, mara nyingi jeusi kabisa, na mzizi umekuwa jiwe. Rangi hiyo hutokana na madini ya udongo lilimokaa. Usiichukue kuwa kipimo cha miaka, kwa maana jino jeusi sana si lazima liwe kongwe kuliko la kahawia.

Kabla hujashangilia, ondoa hawa wanaodanganya. Ncha ya gando la kaa ni nyeusi, imechongoka, inang'aa. Lakini ikivunjika ni tupu ndani, na haina mzizi. Mdomo wa pono ni meno yaliyoungana kuwa kama mdomo wa kasuku. Kipande cha kombe kina tabaka, ukikiangalia ubavuni utaona kama kurasa. Kioo cha chupa kilicholainishwa na mawimbi hupitisha mwanga. Jino la kweli lina vitu viwili tofauti vilivyoungana kwenye mstari mmoja, taji na mzizi, na mstari huo unauona kwa jicho.

Pa kutafutia ni kwenye kokoto na changarawe, pale mawimbi yanapochambua vitu vizito na kuvirundika kwa mstari, na kwenye vidimbwi vya mwambani vyenye mchanga mchafu chini. Mchanga mweupe laini hupoteza muda wako.

Usalama, kwa ufupi

Usikae chini ya jabali lililokatwa na mawimbi chini kama meza. Huanguka bila taarifa. Mama Ngina tazama kutoka juu, nyuma ya ukingo. Usiingize mkono kwenye tundu usiloliona mwisho wake. Wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi wamejaa kwenye vidimbwi, na samaki-jiwe hufanana na jiwe kwelikweli, ana sumu. Konokono wa umbo la koni, mwenye nakshi za kupendeza, usimshike hata kidogo: akiwa hai huchoma, na baadhi ya aina zake zimeua watu. Nendeni wawili.

Ukishaona, fanya nini

Tazama, piga picha, andika, uache. Kwa visukuku vilivyo ndani ya mwamba, huo ndio mwongozo wote.

Sehemu kubwa ya bahari iliyo mbele ya Nyali, Bamburi na Shanzu ni hifadhi ya bahari tangu 1986, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Humo usichukue kombe, tumbawe wala kitu kingine, kiwe hai au kimekufa. Na popote nchini, visukuku vinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006. Kuchimba kunahitaji leseni, kutoa nje ya nchi kunahitaji kibali, na aliyegundua kitu chenye umuhimu wa kipaleontolojia anatakiwa kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na namna alivyokipata.

Wengine huona sheria hiyo kama kunyimwa. Mimi nafikiria Panga ya Saidi, lile pango la Kilifi. Humo watafiti walikuta mifupa ya mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021, na wakampa jina Mtoto. Mifupa ilikuwa imelegea kiasi kwamba ingegeuka vumbi mkononi. Waliifunika kwa plasta pamoja na udongo wake, wakaibeba bonge zima hadi maabara. Walijua kwamba alizikwa kwa kuangalia jinsi alivyolazwa, na udongo uliomzunguka, na namna kichwa kilivyoinamia, kana kwamba kiliegemezwa juu ya kitu. Angekuwa ametangulia mtu na jembe dogo akitafuta kumbukumbu ya kuweka kabatini, hakuna ambacho tungejua. Mahali kitu kilipolala ni nusu ya kitu chenyewe.

Kwa hiyo ukikuta jino jeusi la papa limelala wazi, au mfupa mzito uliogeuka jiwe, au kitu ambacho hakifanani na matumbawe na makombe uliyoyazoea, fanya hivi. Piga picha ya karibu na sarafu kando yake. Piga ya pili ukiwa umesimama, ionekane sehemu ya mwamba. Piga ya tatu kwa mbali, ionekane alama isiyohama: mnara, mti mkubwa, kona ya ukuta. Weka alama ya mahali kwenye ramani ya simu. Kama kiko ndani ya jiwe, kiache hapo. Kama kimelala huru, nje ya hifadhi, na unaona wimbi linalofuata litakibeba, kichukue kwa ajili ya kukikabidhi, kifunge kwa kitambaa kibichi, usikisugue wala kukipaka kitu.

Kisha nenda Fort Jesus, ambako Makumbusho ya Kitaifa yana ofisi, na uombe kumwona mtu anayeshughulika na mambo ya kale. Waonyeshe picha zote tatu. Watakuuliza tarehe, saa na mahali, kwa hiyo viandike ukiwa bado ufuoni. Andika pia hali ya maji: kama yalikuwa ya bamvua au maji mafu, na kama yalikuwa yamepwa kabisa. Atakayetumwa kwenda kukiangalia atahitaji kujua kama pale mahali huonekana kila siku, au angoje mwezi uandame.